Muhuri Haushuki Ngazi

Kabla hamjanicheka, vijana, tazameni kwanza kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto. Kimepinda kama mpini wa mwavuli. Hakikuvunjika popote, kimepindishwa na herufi a. Mashine zetu za kupiga chapa zilikuwa za Kifaransa, na Mfaransa aliyezipanga aliiweka a juu, pembeni kabisa, mahali panapofikiwa na kidole kinyonge kuliko vyote. Hakuwaza kwamba siku moja mtu wa Gisenyi angekaa mbele ya mashine yake kuandika Kinyarwanda, lugha ambayo ukiinyima a haiwezi hata kukataa chakula. Ninyi mnaandika kwa vidole gumba, tena mkitembea. Mungu awaepushe na mitaro.

Mimi nilikuwa daktilo, ndivyo tulivyoitwa wapiga chapa. Jina langu Dafroza. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na miaka thelathini hivi, tumevuka kutoka Goma na mama yangu na masanduku mawili, shule nimeiacha katikati, kichwa kimejaa ndoto. Nilipewa kazi ya kumwandikia mheshimiwa mmoja wa Bunge la mpito, ambaye hapa nitamwita Bonifasi kwa sababu wajukuu wake ni watu wazuri. Wiki nzima alikuwa Kigali. Ijumaa alirudi Gisenyi, akaniamuru hotuba, yeye akisema mimi nikiandika, Jumatatu akaondoka nayo kwenye mkoba.

Na mimi, mtoto wa watu, niliamini. Niliamini kwamba nikiandika "maji kwa wote" na karatasi ikafika Kigali bila doa, bomba litatapika maji kule vijijini Bugeshi Jumapili inayofuata. Nilikuwa naandika maneno hayo polepole, kwa heshima, kama mtu anayejaza ndoo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kalisti, aliyejifunza mashine kwa mapadri kabla sijazaliwa. Tulikaa chumba kimoja, yeye dirishani, mimi mlangoni. Alinifundisha kwamba karatasi ya stensili, ile ya kutolea nakala nyingi, haipigwi kwa hasira, kwa sababu herufi o itatoboka na kudondoka, na hotuba nzima itaonekana imeliwa na mende. Alinifundisha kupuliza dawa nyekundu ya kufutia makosa hadi ikauke, nikihesabu hadi ishirini, si kumi. Lakini amri yake kubwa ilikuwa moja.

"Sikiya, Dafroza. Daktilo iko kama mukunga. Mutoto akizaliwa na sura mubaya, we unamufunga kitambaa, unamupa mwenyewe. Hauwezi kumutengenezea pua."

"Hata nukta, Mzee?"

"Hata nukta! Ukiongeza nukta, kesho utaongeza neno. Kesho kutwa utaomba kura."

Nilishika amri hiyo miaka miwili. Niliivunja mara moja tu, na ndiyo nataka kuwasimulia, lakini kwanza lazima mmjue mheshimiwa wangu.

Mheshimiwa Bonifasi alichangia kila hoja. Hoja ya barabara alichangia. Hoja ya mbuzi wanaozurura alichangia, na humo akamtaja Napoleoni. Ilipokuja hoja ya usalama wa nyaraka za serikali, alisimama akasema, kwa maneno niliyoyapiga mimi mwenyewe, kwamba muhuri wa serikali usikae nje ya sanduku la chuma hata dakika moja zaidi ya kugonga, na usishikwe na mtu asiye na cheo. Miaka ile kaskazini mwetu kulikuwa na hofu, barabara ya Ruhengeri ilipitwa kwa sala, na muhuri ukiibiwa ulikuwa jambo la kutisha kweli. Hotuba ile ikachapwa, ikatumwa kwenye kila ofisi. Ikumbukeni. Itarudi.

Na alikuwa na desturi moja: hakusoma hotuba yake kabla. Alisema kuisoma mapema kunaichosha sauti, kama kumkimbiza ng'ombe kabla ya kumkamua. Aliisoma mara ya kwanza pale pale, mbele ya Bunge, akishangaa pamoja na wengine.

Mimi ndiye niliyekuja kujua desturi hiyo ilifika wapi. Karatasi ya kaboni ina uso na mgongo, kama mtu. Siku moja, kwa haraka, niliigeuza. Nakala ya juu ikatoka vizuri, na nyuma yake maandishi kinyumenyume, lakini nakala ya pili ilibaki nyeupe kama mashuka ya hospitali. Nikazifunga zote mbili kwa pini bila kutazama. Mheshimiwa akampa mwandishi wa kikao ile ya juu, yeye akasimama na zile nyeupe. Nilisubiri kufukuzwa. Ijumaa akaingia anatabasamu.

"Dafroza, hotuba ilikuwa muzuri sana. Walipiga makofi mara tatu."

"Asante, Mheshimiwa."

"Lakini bon, wino ilikuwa kidogo."

Alikuwa amefunua kurasa nyeupe, moja baada ya nyingine, dakika arobaini. Mzee Kalisti alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka pia, lakini usiku ule ndoo yangu ya maji ya Bugeshi ilitoboka kidogo.

Sasa, ofisi yetu. Ilikuwa ghorofani, katika jengo moja karibu na soko, na ngazi zake zilikuwa nje, za saruji, nyembamba, bila mkono wa kushikia. Chini kulikuwa na vyumba vitatu vikubwa, vikavu, vimejaa viti vibovu. Ndivyo ilivyokuwa: viti visivyokalika vilikaa chini kwa raha, na watu wote wakapanda. Mlango wa kwanza juu ulikuwa wa mheshimiwa, wa pili wetu, wa tatu wa Bwana Silasi, aliyetoa vibali vya kuvuka mpaka kwenda Goma, vile ambavyo watu waliita lesepase.

Na chini, karibu kila asubuhi, alikuwapo Konsolata, akiuza kidogo kabla ya kuvuka mpaka.

Mnaouza na kununua pale mpakani mnawajua watu wa baiskeli za mikono, zile za magurudumu matatu zinazoungwa na mafundi wa Goma kwa vyuma vya baiskeli na vya vitanda. Konsolata alikuwa mmoja wao. Polio ilimchukua miguu akiwa mtoto, mikono ikabaki na nguvu za watu wawili. Alipeleka viazi vya Bugeshi Goma, akarudi na mafuta ya mawese na sabuni, na kwa magurudumu yale alilisha mama yake na watoto wawili wa marehemu dada yake. Mdomo wake, vijana, ulikuwa gurudumu la nne.

Mwezi wa kisa hiki amri ilitoka kwamba vibali vyote vya zamani vinakufa siku ya mwisho ya mwezi. Kipya lazima mwenyewe afike mbele ya daftari, uso wake ulinganishwe na picha, aweke kidole, muhuri ugonge juu ya kidole wino ukiwa bado mbichi. Si ndugu, si jirani. Mwenyewe. Na daftari lilikuwa juu.

Nilishuka kumuuliza kwa nini habebwi.

"Walinibeba wiki iliyopita, Yaya," alisema. Aliniita yaya, dada mkubwa, ingawa tulilingana. "Mulinzi mumoja makwapani, mwingine miguuni. Kikwembe kikapanda mpaka hapa. Batu wote kwenye foleni wanaangalia. Tukifika juu, Silasi ameenda kula. Walinzi wakaniweka kwenye benchi, wakaenda. Nikakaa pale mpaka saa kumi, nikiogopa hata kunywa maji, maana kama haja inakuja, nitaenda wapi? Sirudii. Mi si kiroba ya viazi. Hata viazi yangu naibeba na adabu."

"Na Silasi hawezi kushusha daftari?"

"Anasema daftari haishuki."

Nilimwendea Bwana Silasi. Alikuwa mtu msafi sana, kalamu nne mfukoni. Akanijibu bila kuinua macho: "Daftari haishuki, Dafroza. Ikishuka leo, kesho itaenda sokoni."

Zilibaki siku kumi na mbili. Bila kibali baiskeli inasimama, na ikisimama, nyumba ile ya watu wanne inasimama nayo. Mimi, mwenye ndoto zangu, nilifurahi hata hivyo. Kwa nini? Kwa sababu wiki iliyofuata Bunge lilikuwa linaanza mjadala juu ya majengo ya umma na namna ya kuyafikia kwa watu wenye ulemavu, na mheshimiwa wangu alikwisha jiandikisha kuchangia, tena wa kwanza! Nikasema, Mungu ana ratiba nzuri.

Kesho yake, Ijumaa, nikamweleza mheshimiwa habari za Konsolata. Akasimama, macho yanang'aa.

"Iko wapi? Nataka ushuhuda! Hotuba bila ushuhuda iko kama nyama ya brosheti bila pilipili."

"Iko chini, Mheshimiwa."

"Apande."

"Mheshimiwa... ndiyo shida yenyewe."

Akafikiri. Kisha akatoka kwenye baraza ya juu, akashika ukuta kwa mikono miwili kama padri, akaanza kumhoji kwa kupiga kelele. Soko zima likasikia.

"Mama! Unasikiaka uchungu gani ukiona ofisi ya taifa lako?"

"Shingo!" Konsolata akajibu. "Inauma juu ya kukuangalia!"

Watu wakacheka. Mheshimiwa akageuka kwangu: "Andika: 'Anainua macho kwa matumaini.'"

"Depite!" Konsolata akaendelea; ndivyo walivyomwita mbunge. "Mi sihitaji hotuba! Mi nahitaji daftari ishuke, dakika tano! Nikiweka kidole, naenda zangu!"

"Usijali, mama! Nitalizungumza Kigali!"

"Kigali iko mbali! Silasi iko hapo nyuma yako!"

Lakini mheshimiwa alikwisha ingia ndani kuniamuru. Alitembea dirisha hadi mlango, mikono nyuma, nami nikafuata kwa kalamu. Hapa niwape siri ya kazi: anayeamuru akitembea, msimfuate kwa macho, mtapata kizunguzungu. Sikilizeni viatu. Viatu vikisimama, sentensi imekwisha. Siku ile viatu vilisimama baada ya kurasa saba. Humo mlikuwa na miji minne ya Ulaya, haki, utu, karne mpya, mwanamke mmoja wa Gisenyi anayeinua macho, na "vizuizi vidogo vidogo ambavyo taifa litavitazama kwa wakati wake". Daftari halikutajwa. Silasi hakutajwa. Ngazi za kwetu hazikutajwa hata kwa jina la utani.

"Mheshimiwa, na kibali chake?"

"Dafroza. Bunge iko kwa mambo makubwa. Ukichanganya jambo kubwa na kibali ya mutu mumoja, jambo inapunguka."

Jumamosi nilikaa mbele ya mashine. Mzee Kalisti alikuwa amekwenda misa ya ndoa Nyundo, na kiti chake cha dirishani kilikuwa kitupu, kikinitazama. Chini, Konsolata alikuwa anawauzia watu vitunguu akisubiri sijui nini. Nikapiga kurasa tatu kama nilivyoamriwa. Nikafika chini ya ukurasa wa nne. Nikakumbuka zile karatasi nyeupe.

Nikamtengenezea mtoto pua.

Sikuandika ovyo. Niliandika kama daktilo. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne niliuacha wazi katikati ya sentensi: "Kwa hiyo natangaza mbele yenu, na mbele ya taifa linalotusikiliza, kwamba..." Na ukurasa wa tano ukaanza: "...Jumatatu hii daftari la vibali la Gisenyi litamshukia raia asiyeweza kulipandia, na mimi mwenyewe nitakuwapo kulipokea." Mtu akishatamka "natangaza mbele ya taifa kwamba", vijana, hawezi tena kukaa chini. Lazima afunue.

Siku hizo redio ilirusha vikao. Alhamisi tulikaa tumeizunguka, mimi, Mzee Kalisti, na Bwana Silasi aliyekuja kuchukua gundi akabaki. Miji ya Ulaya ikapita. Macho yakainuliwa. Nilijua nikifukuzwa mama yangu atakula ndoto zangu, na ndoto hazina chumvi. "Natangaza mbele yenu, na mbele ya taifa linalotusikiliza, kwamba..." Nikasikia karatasi inafunuliwa. Kisha kimya. Kimya kirefu, redio inakoroma peke yake. Halafu sauti ikarudi, kubwa kuliko mwanzo, ikasoma yote mpaka "nitakuwapo kulipokea", na Bunge likalipuka kwa makofi.

Bwana Silasi aliweka gundi mezani, akatoka bila kuichukua.

Mzee Kalisti alizima redio. "Dafroza. Uliongeza nukta ngapi?"

"Tatu, Mzee. Chini ya ukurasa wa nne."

Mzee alitoa njugu mfukoni, akanisogezea nusu.

Ijumaa mheshimiwa hakuja ofisini. Alikuja Jumatatu saa mbili, suti ya kijivu, viatu vinameta, na umati ulikuwa umejaa barabarani kwa sababu kila mwenye redio alimwambia asiye nayo. Alinisogelea akitabasamu kwa watu huku meno yameumana.

"Ile sentensi. Nani aliiandika?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Redio ilikusikia."

Kabla mheshimiwa hajanijibu, mtu mmoja akapiga kelele, "Depite wetu, pongezi!" naye akainua mkono kumpungia. Hapo nilijua sitafukuzwa. Huwezi kumfukuza mtu kwa sababu ya sentensi bora uliyowahi kusema.

Bwana Silasi akashuka na daftari kifuani kama mtoto mgonjwa, meza ikaletwa, akaketi kwenye kimoja cha viti vile vibovu. Watu wa baiskeli za mikono walikuwa tisa. Konsolata akasema waanze wenzake, yeye atakuwa wa mwisho, anataka kuona. Wa kwanza akaweka kidole. Wino ukameta. Silasi akafunga mikono.

"Gonga muhuri," mheshimiwa akasema.

"Muhuri iko juu, Mheshimiwa."

"Ilete."

"Redio ilisema daftari. Haikusema muhuri."

Vijana, alinishika. Ni kweli. Niliandika daftari, nikasahau muhuri. Miaka miwili ya kazi, pua nimeitengeneza, matundu nimeyasahau.

"Basi panda uichukue!"

Bwana Silasi akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa mara nne. Nikazitambua kwa mbali. O zangu zilikuwa zimetoboka. Ilikuwa hotuba ya usalama wa nyaraka. "Mi nikipanda, daftari inabaki barabarani. Nikituma mulinzi, hana cheo. Na hapa, Mheshimiwa, umeandika mwenyewe, muhuri ikigonga inarudi kwenye sanduku. Hata dakika moja." Akamkabidhi ufunguo wa sanduku kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mwenye cheo mwingine hapa ni mumoja tu."

Mheshimiwa akatazama ufunguo, akatazama ngazi, akatazama watu. Kisha akapanda.

Akashuka na muhuri, ukagonga. Wa kwanza akashangiliwa. Akapanda kuurudisha. Wa pili akaweka kidole. Akaushusha tena. Safari ya tatu koti lilibaki juu. Ya nne, tai. Kufikia mtu wa tano alikuwa anashuka kiubavu kama kaa, mkono mmoja ukutani, maana ngazi zile hazikuwa na pa kushikia, na mama mmoja wa Cyanzarwe aliyeleta kabichi akawa anamhurumia kwa sauti: "Yewe, mzee wa watu! Polepole! Angalia hapo!" Bwana Silasi alikaa wima, kalamu nne mfukoni, akisubiri kila muhuri kwa uvumilivu wa mtumishi mwema. Mimi nilitamani kucheka, kisha nilipomwona miguu inatetemeka nilitamani kulia, kisha Mzee Kalisti akaninong'oneza kutoka nyuma, "Huu ndio mchango wake wa kwanza wa kweli katika mjadala," nikacheka.

Konsolata akasogeza baiskeli hadi mezani. Alikuwa amevaa kikwembe kipya, kimenyooshwa magotini. Akaweka kidole, taratibu, akakishikilia hapo. Mheshimiwa akashuka na muhuri kwa mara ya mwisho, lakini hakufika mezani. Aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa, shati limelowa, akavuta pumzi.

"Mama," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si ya redio. "Hizi ngazi iko mingi."

"Hapana, Mukubwa. Iko kumi na saba tu. Toka mwaka jana naihesabuka kutoka hapa chini."

Mheshimiwa alinyoosha mkono, akampa Silasi muhuri, ukagonga, na Konsolata akapuliza wino, akakunja kibali, akakiweka kifuani.

Kabla ya saa tisa alasiri sanduku la chuma, ambalo mwaka mzima lilikuwa zito mno kushuka, lilishushwa na wanaume wanne. Viti vibovu vikatolewa nje, Silasi akaingia. Wiki iliyofuata mheshimiwa naye alihamia chini, akasema ni kwa sababu ya hewa. Hadi alipostaafu alisimulia kila karamu kwamba wazo lile lilimjia Kigali, mbele ya Bunge, ghafla, kama nuru. Hapo kwenye "ghafla" hakudanganya.

Lakini jioni ile watu walipotawanyika, niliona aibu ambayo sikuitegemea. Ngazi zile nilizipanda kila siku, miaka miwili, na idadi yake sikuijua. Basi nikapanda peke yangu, polepole, nikihesabu kwa sauti. Nikafika juu na kumi na sita. Nikasimama pale barazani, nimechanganyikiwa.

Chini, Konsolata alikuwa anafunga kamba ya viroba vyake vya viazi, tayari kwenda mpakani. Hakuinua hata kichwa.

"Umeruka ya tisa, Yaya. Ile yenye ufa. Rudia."